Moris Yenye Mkono

Mwanangu,

Umetoka na mama yako tangu baada ya Alasiri, mnazunguka nyumba za shangazi zako kuaga, na mimi nimebaki nyuma kwa kisingizio cha goti. Goti halina neno. Nilitaka kubaki na gari na karatasi hizi kabla ya Magharibi, maana saa hizi ndizo akili yangu inapotulia, na wewe unajua kwa nini siku hizi nachagua saa.

Sitakuandikia habari za masweta. Mama yako ameshakusomea hayo mpaka yamekutoka masikioni, na soksi, na bizari ya pilau iliyofungwa mifuko miwili ili ukinyang'anywa mmoja ubaki na wa pili. Huko Birmingham vyote vinauzwa. Nimekaa Uingereza mwaka mzima miye, nikala viazi vyao, sikufa.

Ninaandika kwa sababu ya mlango. Kesho, kama ilivyo desturi yetu, begi likishatiwa garini utasimama mlangoni, utainama unibusu mkono, useme, "Baba, nipe radhi zako." Na mimi natakiwa nijibu kwamba nimekuwia radhi, duniani na akhera. Ni maneno machache, na kila baba wa Kizanzibari hapa Maskati ameyasema bila ya kufikiri. Lakini daktari ametwambia sote watatu, tumekaa mbele yake kama watoto wa shule waliofanya kosa, kwamba maradhi yangu ya kusahau hayarudi nyuma. Yanakwenda mbele tu, leo afadhali, kesho vibaya. Mimi sijui kesho itakuwa ya namna gani. Na wewe umetamka wazi, mama yako anasikia, kwamba ukiniona kesho sijielewi hupandi ndege. Basi nimeona radhi zako nikupe leo kwa maandishi, ningali mwenyewe, na nikueleze kwa nini nina haraka hiyo. Ukishasoma utaamua unavyotaka, maana ukaidi huo umeurithi kwangu.

Juzi ulinikuta jikoni nanung'unika namba, ukanyata ukaondoka, ukadhani nasoma uradi. Haukuwa uradi. Kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, najitahini, na mtihani wangu ni Moris Maina. Wengine daktari huwauliza leo siku gani na nani mtawala wa nchi. Mimi mambo hayo sikuwahi kuyashika vizuri hata nilipokuwa mzima, lakini gari hii naijua kuliko vidole vyangu, kwa hivyo hapo ndipo nitakapojua nikianza kuchujuka.

Naanza na mwaka. Elfu moja mia tisa arobaini na nane, Uingereza imetoka vitani, watu bado wanapimiwa nyama na sukari kwa kadi, ndipo wakaonyeshwa gari ndogo ya mtu wa kawaida, ya karani na mwalimu na mkunga wa shamba. Injini ya mwanzo ilikuwa nzito ya kupumua, kilima kikubwa kinaitoa jasho. Halafu ikaja ya sentimita za ujazo mia nane na tatu. Mwaka wa hamsini na sita ikaja ya mia tisa arobaini na nane, na kioo cha mbele ambacho zamani kilikuwa vipande viwili kikawa kimoja kilichopinda. Mwaka wa sitini na mbili ikatiwa ya elfu moja na tisini na nane, ambayo ndiyo hii yetu, nguvu za farasi arobaini na nane, na farasi wenyewe sasa wazee. Silinda nne zimejipanga mstari mmoja. Gia nne za mbele, na ya kwanza haina huruma, lazima gari isimame kabisa ndipo uitie, ukiilazimisha inakwaruza mtaa mzima ujue dereva hajui. Magurudumu ya inchi kumi na nne. Mbele imekaa juu ya fito za chuma zinazojisokota, nyuma springi za mapande. Usukani mwepesi na wa kweli, unaukata kidogo na gari inakutii. Ilikuwa gari ya kwanza ya Kiingereza kufika milioni moja, na walipofika hapo wakatoa chache za rangi ya zambarau kufurahia, rangi ambayo hata bibi harusi wa mji wa Sur, anayependa rangi kali, hawezi kuivaa. Ya milango minne ya mwisho wakaitoa mwaka wa sabini.

Mwisho najiuliza ile habari ya msumeno. Gari ilikuwa imeshachorwa, imeshaundwa, inangojewa kutolewa, na yule aliyeichora akaitazama akaiona nyembamba, haimkai machoni. Akaamrisha ikatwe katikati kwa urefu, nusu huku nusu huku, wazivute zikaachana kidogo kidogo mpaka jicho lake likaridhika. Pengo likawa inchi nne. Ndiyo maana boneti ina ule mstari bapa wa kati uliokuwa ukiupitisha kidole ulipokuwa mdogo, na bampa za mwanzo, kwa kuwa zilikuwa zimeshatengenezwa, zikakatwa nazo na kuungwa kipande. Nimekuhadithia haya mpaka ukawa unatia vidole masikioni. Kukuhadithia kitu mara mia si maradhi, hiyo ilikuwa tabia yangu tangu zamani, na mama yako ni shahidi.

Nikimaliza yote bila ya kukwama ndipo nashuka kitandani. Nikikwama najifunika tena na kuanza upya. Mama yako anadhani nimekuwa mvivu wa kuamka.

Sasa nikupe habari ya babu yako, ambayo hukupewa kamili. Unajua tu kwamba alikuwa karani wa forodha Unguja, na kwamba alifariki kabla hujazaliwa. Alikuwa na Moris ya kijani, ile ya mia tisa arobaini na nane. Mimi tulipoondoka Unguja nilikuwa na miaka minne, na nyumba yetu siikumbuki, wala mtaa, wala sauti ya muadhini wa pale. Nakumbuka mkono wa gari. Moris za wakati ule hazikuwa na taa za kumweka za kuonyesha unakata wapi. Kwenye nguzo baina ya milango kulikuwa na mkono mdogo umelala ndani, na kioo cha rangi ya machungwa. Dereva akigeuza swichi mkono unaruka nje, unawaka, na watu wanajua gari inaelekea upande ule. Baba alikuwa akiniinulia hata gari imesimama, kwa sababu nilikuwa nikicheka.

Mwaka wa sitini na nne tuliondoka na nguo tulizovaa. Gari aliiacha mbele ya nyumba na ufunguo ndani yake, akamwambia mama kwamba anauacha ili wasije wakavunja kioo. Tukakaa Dar es Salaam miaka kumi, mama akafia huko, kisha tukaja huku wakati watu wetu walipokuwa wakirudi kwa wingi. Baba akapata kazi ya serikali, na mimi baadaye nikapata yangu, tukakodi ghorofa ya pili Khuwair karibu na barabara kuu. Gari ya Unguja hakuitaja hata siku moja. Nikadhani ameisahau.

Alianza kuitaja alipoanza kusahau mengine. Ninaporudi kazini nilikuwa nikimkuta chini, kwenye uwanja wa magari, kanzu yake ya dishdasha amefunga vifungo vya juu kwa tundu za chini, anapita gari moja moja na kuzitazama ubavuni. Anatafuta gari yake. Alisema wameichukua. Majirani walikuwa wakimpandisha kwa adabu na mimi nikaona haya, nikaona lazima nimsahihishe. Nilikuwa kijana wa wizara, nina kitambulisho kifuani, nilipenda mambo yawe sawa kwenye faili zake. Nikamwambia, "Baba, gari uliiacha Unguja. Hapa Maskati. Ule mwaka umeshapita zamani."

Kila nikimwambia ilikuwa ndiyo kwanza anapata habari. Ningependa ujue uso wake ulivyokuwa, lakini ningependa zaidi usiujue. Alikuwa anaporwa upya, na anayemletea taarifa ni mwanawe. Keshoye anashuka tena kutafuta, na mimi namwambia tena, na najiona mvumilivu.

Halafu nikaiona gari hii huko Ghala, mtaa wa mafundi, nyuma ya gereji, nyeupe, imekaa juu ya matofali. Mwalimu mmoja wa Kiingereza aliiacha alipokwenda kwao. Fundi wa pale, Mpakistani wa Sialkot, akaifufua kidogo kidogo, na mimi Ijumaa zote nilikuwa kule nimeshika taa. Nikaipaka kijani. Nilimwuliza baba rangi ya majani gani, akasema ya mchicha mchanga, nikamletea fundi fungu la mchicha kutoka sokoni. Siku nilipoileta uwanjani, babu yako aliizunguka, akapitisha kidole kwenye mstari wa boneti kama ulivyokuwa ukifanya wewe, akaingia, akashika usukani. Halafu akatazama nguzo ya mlango. "Mkono wake uko wapi?" akaniuliza. Nikamwambia za miaka ya baadaye hazina mkono, zina taa. Akatoka akafunga mlango taratibu na kusema hii gari ya watu, tuirudishe kabla mwenyewe hajaja.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikamwagiza mwenzangu wa kazini aliyekuwa akienda London aniletee mikono miwili ya Moris ya zamani, akazunguka kwa wauza vyuma mpaka akaipata, na hakunisamehe kwa likizo yake. Fundi alipoambiwa atoboe nguzo aliweka spana chini. Alinieleza kwa Kiarabu chake cha gereji kwamba gari imeshapona, haina haja ya kupasuliwa. Nikamwambia pasua. Nilikuwa nimeshikwa na jambo, na kwa sababu lilikuwa kwa ajili ya baba yangu niliona halina ubaya.

Ikawa Ijumaa moja baada ya sala nikamshusha. Akaingia upande wa dereva, na mkono wake ukaiendea swichi wenyewe, hakuitafuta. Ule wa gari ukatoka ukawaka. Babu yako alicheka, mwanangu. Nilikuwa nimekaa naye nchi tatu na sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti ile, na nikajua ndiyo ile niliyokuwa nikiisikia nikiwa kiti cha nyuma. Akanigeukia akanijua barabara. "Haya, Sefu, panda," akasema. "Twende nyumbani, mama yako anangoja tule."

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kupanda. Ningezunguka upande wa pili, nikakaa, nikamwambia niachie usukani leo baba umechoka, tukaenda mpaka Sidab tukatazama maji, tukarudi. Njiani angesinzia. Badala yake nikasimama pale dirishani na nikamsahihisha. Nikamwambia mama amekufa Dar es Salaam, na nyumbani ni hapa, ghorofa ya pili.

Aliutazama ule mkono unavyowaka, kisha akageuza swichi akaulaza. Hakuingia tena ndani ya gari hii mpaka anakufa, na hakushuka tena uwanjani kutafuta yake. Alikaa chumbani. Majirani wakanipongeza kwamba nimemponyesha mzee.

Mwaka uliofuata wizara ikanipeleka Uingereza, kozi ya mwaka mmoja. Nilikuwa na wakati wa kutosha wa kuomba radhi. Kulikuwa na asubuhi ambazo aliamka yeye mwenyewe kabisa, anauliza bei ya samaki, anatukana redio. Sikuomba, kwa sababu radhi huombwa mlangoni, na mimi ni mtu wa kufuata utaratibu. Siku yenyewe nikasimama mlangoni na suti mpya, nikainama nikambusu mkono. Nikasema, "Baba, nipe radhi zako."

Akaniuliza, "Umetazama oili?"

Alinidhania fundi. Nikarudia kwa sauti kubwa, kama kwamba taabu yake ilikuwa masikio. Akanambia nitazame na maji vile vile, nisije nikamwachia gari njiani. Watu wamesimama nyuma yangu na mabegi, chini gari inapiga honi, na mimi, baada ya yote yale, nikamshika mabega nikamwambia, "Baba, miye Sefu. Mwanao. Si fundi." Akaogopa, mwanangu. Aliniogopa mimi. Akaanza kulia kama mtu aliyeshikwa na mgeni ndani ya nyumba yake, na nikashuka ngazi nikamwacha analia, kwa kuwa ndege hazingoji. Baridi ya mwaka ule ule akafariki, na mimi niko huko nafundishwa namna ya kupanga mafaili.

Wapo walionambia radhi za mzazi zimo moyoni, hata asipozitamka. Labda. Sheikh mmoja alinambia hivyo pia na nikamshukuru, nikaondoka na huzuni yangu ile ile. Tangu hapo nimeendesha gari hii na mikono yake miwili, nikifika duara la barabarani nauinua mkono, na hakuna dereva hata mmoja Maskati anayejua maana yake. Wananipigia honi. Wewe ulipokuwa skuli ulikuwa ukiteremka kwenye kiti mpaka kichwa kisionekane, na mimi najifanya sioni.

Lakini ulijifunzia kuendesha humu humu. Na ulikuwa na kazi yako, unaikumbuka? Kilima cha kwendea Sidab, joto la Juni, petroli inachemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye injini na gari inazimika katikati ya kilima. Nafungua boneti, nawe unakuja na chupa ya maji na kipande cha khanga ya mama yako, unaitandika pampu ya petroli ile khanga mbichi, halafu unarudi ndani unageuza ufunguo na tunasikiliza. Tik, tik, tik, tik, inavuta upepo. Halafu inapunguza, tik, na kimya, na wewe unatoa kichwa dirishani unasema, "Khalas, Baba, imekunywa." Nilipenda ulivyokuwa ukilisema neno hilo. Sijawahi kukwambia, basi nimekwambia.

Nafika sasa kwenye siku ya Sidab, ambayo hatujaizungumza tangu itokee. Nilitoka nyumbani kwenda Ghala kutia grisi miguu ya mbele. Hilo si la kuchelewesha, miguu ya Moris ikikauka grisi haikuonyi, siku moja gurudumu linalala tu. Niliijua njia, ni dakika chache. Nilipojikuta nilikuwa Sidab, upande mwingine kabisa wa mji, nimesimama karibu na msikiti, injini imezima, mkono wa kulia umetoka na unawaka, na betri karibu inakufa. Bwana mmoja akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia nyumbani. Akaniuliza nyumbani wapi, nikamwonyesha ule mkono unaowaka. Yeye ndiye aliyechukua simu yangu akakupigia.

Ulikuja na teksi. Nilikuona unashuka, nikajitayarisha kwa maneno, maana maneno hayo nayajua, nimeyasema mimi mwenyewe. Hukuyasema. Ulifungua mlango wa abiria ukakaa, ukajifunga mkanda, ukaulaza mkono kwa swichi yake ili betri ipumzike. Ukanambia, "Baba, unakwenda nyumbani? Basi nichukue na mimi, njia yetu moja." Teksi ikatusukuma, injini ikashika, na ukanielekeza kona baada ya kona mpaka Khuwair kama kwamba wewe ndiye mgeni na mimi ndiye ninayekufikisha. Habari ya babu yako sikuwahi kukuhadithia. Hakuna aliyekuhadithia, maana aliyeijua ni mimi peke yangu. Nimefikiri sana nani alikufunza, na sipati mtu.

Tulipofika uwanjani ukazima gari, ukautoa ufunguo ukautia mfukoni kwako. Ukasema, "Siendi tena, Baba." Sikukukataza siku ile kwa sababu moyo wangu ulifurahi. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwamba utakaa na mimi, nikalala na furaha ile, na asubuhi sikuitaka tena.

Nataka uende. Si kwa sababu ya shahada ya uhandisi wa maji, ingawa nchi hii ina kiu na mafuriko kwa pamoja na itakuhitaji. Nataka uende kwa sababu nakijua chumba kile. Nimekaa ndani yake na baba yangu, na nimeona kinamfanya nini anayekaa. Kwanza unapotewa na subira, kisha unamchukia mgonjwa kwa nusu saa, kisha unajichukia wewe kwa mwezi mzima. Wewe una moyo kuliko niliokuwa nao mimi, na ningeushuhudia unakwisha kidogo kidogo bila ya hata kuelewa ninachokiona. Mama yako atakuwapo, na hilo ndilo tulilopatana tulipooana, hana hiari. Prossy yupo pia, kwa muda atakaotaka kukaa na sisi. Huyu binti wa Masaka, Uganda, anayetusaidia kazi za nyumbani, ameshanielewa. Nikimwomba ufunguo ananambia, "Mzee, gari iko gereji, inarudi bukra." Gari naiona dirishani, mwanangu, ipo pale pale chini, kijani, na kesho yake hiyo inarudi kila siku. Namwambia haya, ahsante, narudi kukaa. Siku nikiamini kweli kwamba iko gereji, nadhani nitakuwa nimetulia zaidi.

Na gari hii usiitie moyoni. Ukirudi likizo ukaikuta juu ya matofali, iache. Usiipake rangi, usiagize kitu London, usimsumbue fundi yeyote Ghala kwa ajili yangu. Nikikuuliza iko wapi, sema Prossy ameipeleka gereji. Nikikuuliza bibi yako yuko wapi, sema anapika. Nikikwambia twende nyumbani, kama una nafasi nipakie popote unizungushe mpaka Sidab, na kama huna, sema tunangoja jua lipungue.

Limebaki la leo asubuhi. Ulipokubali tena kwenda uliahidi kwamba ukiniona sijielewi huendi, na mimi sitaki uende kwa kudanganywa, kwa hivyo soma.

Nilijitahini alfajiri na nikafaulu yote. Arobaini na nane. Mia nane na tatu. Mia tisa arobaini na nane. Elfu moja na tisini na nane. Inchi kumi na nne za gurudumu, inchi nne za msumeno. Hata ile zambarau niliikumbuka. Nikashuka kitandani nimefurahi, nikakaa ukumbini, nawe ukapita na begi lako tupu unakwenda kulijaza, ukanambia sabahalkheri, Baba. Nikafungua mdomo nikujibu kwa jina lako na jina halikuwapo. Nilikujua wewe ni nani. Nilikujua kama ninavyoujua mkono huu unaoandika. Lakini pale jina linapokaa palikuwa patupu, pamezungukwa na vipimo vya gari. Nikakujibu, "Sabahannuri, mwanangu." Ukapita. Sijui kama ulitambua. Nilikaa pale mpaka mama yako alipokuita jikoni, ndipo nikalisikia, nikalichukua.

Ndiyo maana barua hii nimeianza bila ya jina. Sikutaka kuliandika mwanzo, likiwa bado limo masikioni. Nilitaka nione kama litakaa mpaka mwisho.

Limekaa. Zuwena. Zuwena binti Seif, tulikupa jina la bibi yako aliyezikwa Dar es Salaam. Nimekuwia radhi, Zuwena, duniani na akhera, kwa kuondoka kwako na kwa kurudi kwako, na kwa kila siku ambayo hutanipigia simu kwa sababu una kazi, na kwa kila siku utakayopiga nikakuuliza wewe nani. Nimekuradhia kwa hayo yote kabla hayajatokea. Hakuna atakayeweza kukwambia kwamba hukupewa, unayo hapa kwa mwandiko wangu.

Kwa hivyo, kwa sharti lako, sijielewi tangu leo, na kesho huenda nikawa vibaya zaidi, lakini radhi unazo. Funga begi lako uende.

Nasikia gari ya mjomba wako inaegeshwa chini, na sauti yako kwenye ngazi. Karatasi hizi nitazitia juu ya nguo zako kabla hujafika mlangoni. Kesho uniombe radhi kama desturi, watu wasije wakaongea, lakini ukiona nakutazama kama fundi usirudie wala usipandishe sauti. Nikikuuliza kama umetazama oili, nambie, "Nishatazama, Baba. Na maji pia." Nitaridhika. Halafu unibusu mkono ushuke, na usigeuke nyuma kwenye ngazi, zile za chini zimevunjika.

Baba yako,
Seif